Hali ya Hewa ya Nyumbani kwa Walio Mbali: Uchambuzi wa Majira ya Izimbya

Izimbya ni kata ya Wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera, iliyoko upande wa bara kutoka mwambao wa Ziwa Viktoria, na kwa mazingira, lugha na kilimo haitengani na vijiji vya Muleba vilivyo jirani nayo. Kwa zaidi ya karne moja eneo hili limekuwa likitoa watu: wanafunzi, mapadri na wachungaji, walimu, wauguzi, wafanyabiashara na watumishi wa serikali, ambao wengine waliishia Kampala au Dar es Salaam, na wengine wakavuka bahari hadi Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Katika mambo wanayoyasifu wanapozungumza juu ya kwao, hali ya hewa haikosi kutajwa, na mara nyingi hutajwa mapema kuliko ziwa, vilima au hata ndizi. Sifa hiyo huchukuliwa kirahisi kuwa hamu ya kawaida ya mtu aliye ugenini, jambo la hisia lisilodai maelezo. Uchambuzi huu unashika msimamo mwingine, kwamba kinachosifiwa na walio mbali si joto wala baridi bali ni kalenda nzima ya kazi na chakula, na kwamba kalenda hiyo hubebwa na mikono ya watu waliobaki, ambao sifa yenyewe huwapita bila kuwataja.

Kabla ya kuendelea inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Hali ya hewa ni jinsi anga lilivyo leo au wiki hii, yaani mvua, upepo, jua na ukungu wa siku fulani, ilhali tabianchi ni wastani wa hali hizo kwa kipindi kirefu, ambacho wataalamu kwa kawaida hukihesabu kuwa miaka 30. Aliyeondoka Izimbya akiwa kijana wa miaka 20 amebeba kitu kilicho kati ya hivyo viwili, kwa kuwa kumbukumbu yake ni ndefu kuliko hali ya hewa ya msimu mmoja, lakini ni fupi mno kuitwa tabianchi, na tena imesimama katika mwaka aliopanda basi au meli kuondoka. Jambo hili litarudiwa baadaye, maana ndipo penye ugumu mkubwa wa swali lote.

Eneo la Bukoba na Muleba liko kati ya nyuzi moja na mbili kusini mwa Ikweta, katika mwinuko unaozidi mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukaribu wa Ikweta hulifanya jua lisibadilike sana mwaka mzima, na mwinuko hupunguza ukali wa joto ambao ungetarajiwa mahali kama hapo, kwa hiyo wastani wa joto mjini Bukoba hukaa karibu na nyuzi 20 au 21 za Selsiasi kuanzia Januari hadi Desemba, na tofauti kati ya mwezi wa joto zaidi na mwezi wa baridi zaidi ni ndogo kuliko tofauti kati ya mchana na usiku wa siku moja. Urefu wa mchana nao haubadiliki kiasi cha kuonekana, kwani kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote tofauti haifiki robo saa. Kwa lugha nyingine, mtu anayeishi Izimbya hawezi kuyajua majira kwa ngozi wala kwa kutazama saa ya machweo. Huyajua kwa mvua, kwa nyasi, kwa wadudu na kwa kile kilichomo chunguni.

Mvua yenyewe ina asili ambayo walio wengi huiona bila kuelezwa. Mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na karibu na Septemba, jua la utosi huvuka Ikweta, na ukanda wa mawingu unaolifuata huleta misimu miwili ya mvua, masika na vuli. Juu ya utaratibu huo mkubwa ziwa huongeza wake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa kutoka pande zote za ziwa hushuka kuelekea katikati yake na kupanda juu kwa nguvu, radi zikatanda juu ya maji, na pepo za mashariki zikayasukuma mawingu hayo kwenye mwambao wa magharibi. Ndiyo sababu mvua nyingi za Bukoba hunyesha usiku wa manane na alfajiri, na ndiyo sababu mji huo hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, huku Aprili peke yake ikiweza kupata zaidi ya milimita 300. Mvua hiyo hupungua upesi kadiri mtu anavyokwenda magharibi, hata mabonde ya upande wa Karagwe hayafikii nusu ya kiasi cha mwambaoni. Izimbya iko katikati ya hali hizo mbili, na hivyo kiangazi chake husikika zaidi kuliko kile cha mjini Bukoba, ambako hata Julai mvua haikauki kabisa.

Wahaya, wenyeji wa eneo hili, wameugawa mwaka huo katika vipindi vyenye majina yao. Toigo ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Ekyanda ni kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Baada yake hufuata mvua za Septemba hadi Desemba, ambazo kilele chake hufungamana na msimu wa senene. Na akanda ni kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Kila kipindi kina kazi yake na kila kazi ina chakula chake. Maharage hupandwa mvua zinapoanza na huvunwa zinapokwisha, mara mbili kwa mwaka. Kahawa ya robusta huiva kuelekea mwisho wa toigo na huchumwa na kuanikwa mikekani katika ekyanda, wakati jua ni la uhakika. Nyasi za rweya, yaani uwanda wa wazi ulio nje ya mashamba ya migomba, hukatwa kwa kuezeka na kutandaza shambani, na sehemu iliyobaki huungua kwa moto wa kiangazi hata anga la Julai likawa na utusitusi wa moshi. Migomba peke yake haina msimu mmoja wa kuzaa, jambo linalowezekana kwa sababu ukame haudumu vya kutosha kuisimamisha, na ni hilo hasa lililowafanya wakazi wa eneo hili waweze kujenga makazi ya kudumu na yenye watu wengi bila kutegemea ghala la nafaka.

Senene wanastahili kuelezwa kwa kirefu, maana hakuna kitu kinachomvuta mtu wa Kagera aliye mbali kama wao. Senene ni wadudu wa jamii ya panzi wenye papasi ndefu, ambao wanasayansi huwaita Ruspolia differens, wengine wa kijani na wengine wa rangi ya udongo. Huruka kwa makundi makubwa mnamo Novemba na Desemba, na kwa uchache zaidi Aprili na Mei, baada ya mvua kuotesha nyasi upya. Usiku huvutwa na mwanga, na kwa hiyo uvunaji wa zamani wa kuwaokota nyasini alfajiri, wakiwa bado wazito kwa umande, umeongezewa uvunaji wa kibiashara wa taa kali, mabati yaliyosimamishwa na mapipa yaliyowekwa chini yake. Baada ya kunyonyolewa mbawa na miguu hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, au hukaushwa ili wadumu, na hao waliokaushwa ndio husafiri. Vifurushi vya senene huenda Mwanza, Dar es Salaam na mbali zaidi, na kila anayekipokea hujua bila kuambiwa kwamba mvua za Novemba zilinyesha. Kwa maana hiyo kifurushi cha senene ni taarifa ya hali ya hewa iliyofungwa karatasini, na pengine ndiyo taarifa pekee ya aina hiyo ambayo mpokeaji hula.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kila aliyeondoka huikumbuka hali ya hewa kwa kiasi kilekile, na mfano mzuri wa kukanusha dhana hiyo uko karibu sana. Tangu enzi za ukoloni Wahaya wengi walikwenda Buganda kwa kazi na biashara, wakakaa Masaka na Kampala, na huko walikuta ziwa lilelile, misimu ileile miwili ya mvua, migomba na hata senene, ambao Waganda wameupa mwezi wa Novemba jina lao. Mtu aliyetoka Izimbya akafika Masaka alikuwa na mengi ya kuyakosa, kuanzia shamba la baba yake hadi lugha ya mama yake, lakini mvua haikuwa mojawapo, na hapakuwa na sababu ya kuisifu. Sifa ya hali ya hewa huzaliwa na tofauti. Inapokosekana tofauti, hamu hutafuta kitu kingine cha kushika.

Dar es Salaam ndiyo tofauti ya kwanza ambayo wengi hukutana nayo. Kati ya Januari na Machi joto la mchana jijini humo hufikia nyuzi 32 pamoja na unyevu mzito wa pwani, na usiku hauleti nafuu kubwa. Watu wa pwani wameizoea hali hiyo na wana majira yao yaliyopangwa kwa pepo, kaskazi inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kusi inayofuata hadi Oktoba, pamoja na kipupwe, ile baridi nyepesi ya katikati ya mwaka. Mhaya aliyehamia huko hujifunza kuzungumza majira kwa majina ya pwani, na kinachomjia kama tofauti ni usiku: kwao alilala na blanketi mwaka mzima, hapa analala na feni. Hapo sifa ya nyumbani ni sifa ya ubaridi.

Katika Ghuba sifa huwa ya rangi na maji. Maskati hupata miezi ambayo joto la mchana hupita nyuzi 40, na mvua ya mwaka mzima huko ni kidogo kuliko ile inayoweza kunyesha Bukoba ndani ya mwezi mmoja wa toigo. Waswahili wa Oman, ambao wengi wao walirudi kutoka Zanzibar na bara baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, wanaijua hamu hii vizuri, kwani nao walilelewa katika nchi ya vuli na masika. Inafaa kukumbuka kwamba Oman yenyewe ina mahali panapoitibu: huko Salalah, katika jimbo la Dhofar, pepo za monsuni za kusini-magharibi huleta mawingu na manyunyu kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, milima ikavaa kijani, na watu kutoka Ghuba yote wakasafiri kwenda kulowana. Mtu wa Kagera akisimama kwenye umati huo anaona kitu ambacho kwao hakuna aliyewahi kukilipia nauli.

Kaskazini mwa dunia tofauti inahamia kwenye mwanga, na hapo ndipo sifa hupata uzito wa afya. Uppsala, mji wa Sweden ambao umehusiana na Bukoba kwa miongo mingi kwa njia ya kanisa na chuo kikuu, uko karibu na nyuzi 60 kaskazini. Mwishoni mwa Desemba mchana wake ni wa takriban saa 6, na mwishoni mwa Juni hukaribia saa 19. Hesabu ya saa ya Kiswahili, ambayo huanza kuhesabu mchana jua linapochomoza, ni hesabu ya watu wa Ikweta na hufanya kazi mwaka mzima kwa sababu jua halidanganyi huko; Uppsala mwishoni mwa Desemba jua huchomoza asubuhi ikiwa imekwisha kusonga na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Anayehama kutoka mchana wa saa 12 usiobadilika hadi giza la namna hiyo hapotezi tu raha, hupoteza kipimo cha siku. Mwaka 1984 daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza kwa mara ya kwanza kwa utaratibu wa kitabibu aina ya sonona inayorudi kila majira ya baridi na kuondoka siku zinaporefuka. Rosenthal alikuwa mhamiaji kutoka Johannesburg, na ni kwa kuona mabadiliko ndani yake mwenyewe katika majira ya baridi ya New York ndipo alipoanza kulitafakari jambo hilo. Mtu aliyekulia mahali penye majira hayo angeweza kuishi umri wake wote akidhani ndivyo maisha yalivyo.

Kuhusu mvua, ulinganisho na kaskazini huleta jambo ambalo huwashangaza hata wenyewe wanaolalamika. London, mji unaosifika duniani kwa mvua, hupata takriban milimita 600 kwa mwaka, chini ya theluthi ya zile za Bukoba. Lakini mvua ya London huja kwa rasharasha ndogo zilizotapakaa katika siku nyingi za wingu la kijivu, ilhali ya Bukoba huanguka kwa wingi ndani ya saa chache, mara nyingi watu wakiwa bado wamelala, na kufikia mchana jua limetoka na nguo zimeanikwa. Anayesema kwamba Uingereza kuna mvua nyingi kuliko kwao amekosea kwa kipimo cha milimita, ila hakukosea kabisa, kwa sababu anachokipima ni saa za jua zilizopotea.

Hamu ya namna hii ina historia yake katika taaluma. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer aliandika tasnifu huko Basel akieleza hamu ya kwao kuwa ni ugonjwa unaoweza kumdhoofisha mtu hadi kufa, akitoa mifano ya Waswisi waliokuwa ugenini; na mwanzoni mwa karne ya 18 mwenzake Johann Jakob Scheuchzer alijaribu kuueleza kwa nguvu ya hewa, akidai kwamba miili iliyozoea hewa nyepesi ya milimani hubanwa na hewa nzito ya mabondeni. Maelezo ya Scheuchzer yaliachwa zamani, lakini yanaonyesha kwamba wazo la kuuweka ugonjwa wa ugeni ndani ya hewa yenyewe si jipya. Lina pia udhaifu unaoonekana hadi leo, nao ni kulifanya anga libebe kila kitu: mama, chakula, lugha na ujana, vyote vikaitwa hali ya hewa.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu huchagua. Toigo inayosifiwa ni ile ya harufu ya udongo na mlio wa mvua juu ya mabati, si ile ya barabara inayogeuka tope hata mgonjwa akabebwa kwa machela hadi mahali gari linapofika, wala ile ya darasa ambalo mwalimu hulazimika kunyamaza kwa kuwa bati limefuta sauti yake. Radi za ziwa huua watu na mifugo kila mwaka. Mvua zinapokwisha malaria hupanda, na Muleba imewahi kukumbwa na milipuko mikubwa, ukiwemo ule wa mwaka 2006. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba wakati wa mvua na hali mbaya ya hewa, watu 19 wakapoteza maisha, na wavuvi wa mwambaoni wakawa wa kwanza kuwafikia walionusurika. Ilikuwa asubuhi ya Novemba, saa zilezile ambazo ziwa huleta mvua zake, katika mwezi uleule ambao walio mbali huutamani kuliko yote.

Kuna usahaulifu mwingine ulio mzito zaidi, na ndio unaostahili kulaumiwa waziwazi. Kijani cha Izimbya ambacho hupelekwa Dar es Salaam na Stockholm katika picha za simu hakikuletwa na mvua peke yake. Mvua nyingi huosha rutuba ya udongo na kuipeleka chini, na udongo wa vilima hivi, uliotokana na miamba ya mchanga, ni maskini kwa asili. Anayetaka kuona ulivyo bila mkono wa mtu autazame rweya, ambayo hupata mvua ileile na bado huotesha nyasi tu. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ni kazi ya vizazi: samadi ya ng'ombe, taka za jikoni, majani ya migomba yaliyokauka na nyasi zilizokatwa rweya na kubebwa kichwani, zikatandazwa ili zihifadhi unyevu na kuoza kuwa rutuba. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ilipoteketeza mifugo, na baadaye ng'ombe walipoendelea kupungua, vibanja vilionja upungufu huo ingawa mvua haikubadilika. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya nyasi, maharage na jiko huangukia wanawake. Hivyo anayesema kwamba kwao hali ya hewa ni nzuri kiasi kwamba kila kitu huota chenyewe anamnyima mama yake jasho lake.

Si kila aliye mbali amesahau. Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba ambaye baadaye aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi kutoka Nairobi kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, alisomea katika chuo kikuu cha kilimo huko Uppsala, na tasnifu aliyoitoa mwaka 1984 ilihusu uchumi wa mashamba madogo ya migomba na kahawa mkoani Kagera, sababu za kushuka kwa tija yake na njia za kuyafufua. Mwaka 1994 alirudi kwenye mashamba hayohayo katika makala iliyopima hasara inayotokana na kuzigawa kazi kwa kufuata jinsia. Umbali, ambao kwa wengi huzaa sifa, hapa ulizaa hesabu, na hesabu hiyo ilihusu mikono inayolima badala ya uzuri wa mahali.

Ni haki pia kutazama upande wa pili, wa wale waliokuja Buhaya, nchi ya Wahaya, kutoka kwenye nchi za majira manne. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki, walifika Kashozi mwaka 1892, Walutheri wa Bethel kutoka Ujerumani wakafuata mwaka 1910, na katika miaka ya 1940 Waswidi wakachukua nafasi yao, akiwemo Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kilutheri huko Bukoba kuanzia mwaka 1961 hadi alipompisha Josiah Kibira mwaka 1964. Walileta kalenda ya kanisa iliyokomaa katika nchi za theluji, ambamo Majilio hungoja nuru katika wiki za giza kuliko zote na Pasaka hukutana na majani yanayochipua. Bukoba hakuna giza hilo. Majilio huangukia mvua za senene, na Pasaka huja toigo ikiwa imeanza, wakati maharage yapo shambani. Wakristo wa Buhaya waliipokea kalenda hiyo na kuijaza majira yao, hata Krismasi leo ni sikukuu ya kurudi nyumbani, ya vibanja vilivyoloa na senene mezani. Kazi hii ya kuipatanisha kalenda ya wengine na anga la kwao ndiyo hiyohiyo wanayoifanya wajukuu wao huko Minnesota na Uppsala, kwa mwelekeo uliogeuzwa.

Linabaki swali lililoahirishwa mwanzoni, la kumbukumbu iliyosimama. Vuli ya mwaka 2019 ilizidi kiasi katika Afrika Mashariki yote, kutokana na maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi kuwa na joto kuliko ya mashariki, na kufikia Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kupita hata rekodi ya mwaka 1964, yakafunika maeneo ya mwambaoni. Miaka iliyofuata baadhi ya vuli zilichelewa na kupungua, kisha El Niño ya mwisho wa 2023 ikarudisha mafuriko. Hata kabla ya hapo, mwaka 2006, mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uligunduliwa Muleba, na katika vijiji vilivyoathirika kibanja ambacho mtu alikiacha kikiwa kizito kilibaki na mapengo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika na wa vuli kabla ya kila msimu, na mkulima wa Izimbya huusikia redioni na kuulinganisha na anavyoliona anga la upande wa ziwa. Kaka yake aliye ng'ambo hana anga hilo la kulitazama, ila ana sauti katika uamuzi, kwa sababu fedha zinatoka kwake.

Hapo sifa ya hali ya hewa inaacha kuwa maongezi na inakuwa jambo la uchumi wa nyumba. Miezi ya toigo ambayo mtu wa mbali huisifu ndiyo miezi ya ukata, kwa kuwa kahawa bado ni mbichi na maharage hayajakomaa. Ndiyo miezi ambayo mwenye shida huuza kahawa kwa butura, yaani kuiuza ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa ua tu, kwa bei ndogo sana ya mnunuzi anayengoja mavuno. Serikali imeipiga vita biashara hiyo kwa miaka mingi, nayo hurudi kila fedha za kupeleka mtoto shule au mgonjwa hospitali zinapokosekana kabla ya Juni. Wahamiaji wengi hutuma fedha nyingi zaidi Desemba, mwezi wa kumbukumbu zao na wa safari zao, wakati nyumbani kuna senene na maharage mapya yanakaribia. Fedha hizohizo zikifika Machi huikomboa kahawa ibaki mtini hadi iive, na zikifika Agosti hulipa vibarua wa kukata nyasi rweya na kuzitandaza kibanjani kabla ya mvua za Septemba, kazi ambayo wazazi waliozeeka hawaiwezi tena na ambayo isipofanyika mwaka huu huonekana kwenye mikungu ya mwaka ujao.

Baadhi ya familia zimekwisha kulitambua hili kwa vitendo. Katika makundi yao ya WhatsApp anayeulizwa kwanza ni yule aliye kijijini, aseme mvua imefika wapi, maharage yamepandwa au yanangoja, na kahawa imeweka maua kiasi gani, ndipo walio Dar es Salaam, Maskati na Stockholm wapange nani atume nini na lini.